Kisu cha Shemeji

Kisu chenyewe kilikuwa kibaya, tuseme ukweli. Mpini wa plastiki wa rangi ya machungwa, ule mng'aro wa jaketi za wajenzi wa barabara. Bapa limepakwa rangi nyeusi ya kiwandani. Ala nayo ya plastiki, ukitembea inalia kacha kacha kama meno ya bandia. Duka la vifaa pale kona wanavitundika vingi vingi kwenye msumari, jirani na mifuniko ya vyoo. Ni visu vya kwenda navyo porini, vya bei ya chini, kikipotea hulii.

Dada alikiweka mezani kwangu, juu ya unga wa mbao.

"Nataka kionekane kimefuliwa kwa mkono," akasema.

"Mkono wa nani?"

"Wa fundi. Fundi wa zamani, mwenye ndevu, aliyekaa nacho motoni mpaka mke wake akanuna."

Dada akitaka kitu huwa anachekesha kwanza. Namjua.

"Cha nani?" nikauliza, na jibu nilikuwa nalo tayari.

"Cha shemeji yako."

"Bado hajawa shemeji."

"Basi cha huyo ambaye bado hajawa. Utafanya, au niende kwa wale wa sokoni?"

Wale wa sokoni wanachonga mipini kama wanamenya viazi. Alijua nitasema nini.

"Kiache hapo," nikasema.

Mimi na dada tunakaa nyumba ya vyumba viwili na kile cha mbele ndicho karakana. Meza ni moja, ndefu, imetoka ukuta mpaka ukuta. Upande wa dirishani ni wake: cherehani ya ngozi, sindano zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni, vipande vya ngozi kwenye ndoo. Upande wa mlangoni ni wangu: jiliwa la kubania kazi, tupa, misasa, na grinda inayopiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Mtu analeta kisu kimevunjika mpini, mimi nafunga mpini mpya, dada anashona ala, mtu anaondoka na kitu kimoja. Hakuna anayeuliza nimeishia wapi mimi na ameanzia wapi dada. Katika dunia hii hicho ndicho ninachokipenda, sina kingine.

Alinilea yeye. Mama alikufa nikiwa bado nafungwa kamba za viatu, baba alienda kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta. Shuleni mimi na ubao hatukuelewana, nikaacha mapema. Dada alipiga kelele siku moja, kesho yake akanisogezea nusu ya meza. Mtaani wananiita Mashoto, kwa sababu ya mkono ninaotumia. Yeye ananiita mdogo wangu, hata akinigombeza.

Sasa huyo mwanamume. Kazi yake ni kupima ardhi. Anatembea na darubini juu ya stendi ya miguu mitatu, anachungulia, anaandika, anapigia watu mayowe wasogeze fimbo. Mimi namwita Mpimaji. Alikuja mara ya kwanza kushonewa mkanda wa mfuko wa darubini. Mkanda ukakatika tena. Ukakatika tena. Ngozi ya ng'ombe mzima, dada kaipiga uzi mara mbili, na bado inakatika kila wiki. Nikamwambia dada, huyu mtu anakata mwenyewe kwa wembe. Dada akasema, "Najua." Akacheka, akaendelea kushona.

Hapo ndipo uliponishika wivu. Sitafuti jina lingine. Uliingia kama kibanzi chini ya ukucha, hukioni lakini kila unachogusa kinauma.

Na ubaya wa Mpimaji ni kwamba hana ubaya. Angekuwa mlevi ningepumua. Anakuja na mkate, anasalimia, anauliza hii tupa ni ya nini na hii nyingine ni ya nini, halafu, na hapa ndipo anaponikata maini, anasikiliza jibu. Siku nyingine anarudi ananiambia, "Shemeji, ulisema tupa yenye meno madogo ni ya mwisho, nimemwona fundi mmoja anaanza nayo." Nilitaka kumwambia koma kuniita shemeji. Nikajikuta namweleza kwa nini yule fundi ni mjinga.

Harusi imeshapangwa. Baada ya harusi anahamia kwenye barabara mpya inayopimwa, mbali huko, mahali ambapo ukitaka simu ishike unapanda juu ya jiwe. Na dada anaenda naye. Pamoja na cherehani.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa siku alipoweka kile kisu cha plastiki mbele yangu. Nikakipasua mpini siku hiyo hiyo, tena kwa furaha. Ndani mlikuwa na mkia wa chuma, ile sehemu nyembamba inayoingia kwenye mpini. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyotegemea. Nikautazama nikasema, ee, kumbe wewe una mifupa.

"Mbao nitumie ipi?" nikamuuliza dada.

Aliingia chumbani, nikasikia anavuta kitu chini ya kitanda. Akarudi na kitambaa, akakifungua kwenye meza. Ulikuwa mguu wa kiti cha mama.

Kiti hicho mama alikikalia akishona. Kilivunjika zamani, vipande vingine viliisha jikoni kipindi ambacho hatukuwa na cha kuwasha. Ukabaki mguu mmoja. Mbao nyekundu-nyeusi, nzito, imelainika pale juu kwa sababu mimi nilikuwa naushikilia nikijifunza kusimama. Hayo nimeambiwa, siyakumbuki. Lakini ni mimi.

"Huu?" nikasema.

"Huu."

"Kwenye kisu chake yeye."

"Kwenye kisu. Mbona umenitolea macho? Huwezi?"

Naweza. Nilikunja uso nikasema naweza. Moyoni nilikuwa nasema mengine. Dada amemchukua mama anamkabidhi mtu anayekata mkanda wake kwa wembe. Yeye, aliyenishika mkono tukiwa tunarudi makaburini, ameniletea mimi nimchonge.

Nikaanza na bapa. Rangi nyeusi niliitoa kwa msasa mpaka chuma kikabaki cheupe kama kimevuliwa nguo. Halafu nikachukua kijiwe kidogo cha mviringo kwenye grinda, nikapiga vidimbwi juu kwenye mgongo wa kisu, vile vinavyoachwa na nyundo. Hapo ndipo uongo ulipo. Nyundo haijagusa pale hata mara moja. Ila lazima uviweke ovyo, kimoja kikubwa, kimoja kimeteleza, viwili vimepandana. Ukivipanga vizuri kila mtu atajua ni mashine.

Chuma cha kisu kina tabia yake. Kikipata joto kupita kiasi kinabadilika rangi, kwanza njano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha bluu. Ile bluu ni nzuri ajabu. Mtu asiyejua atakwambia niachie hivyo hivyo. Lakini makali yakishafika bluu yamekufa, utakinoa asubuhi na mchana hakikati hata kamba ya kiatu. Ndiyo maana bakuli la maji liko karibu na grinda: unagusa, unachovya, unagusa, unachovya.

Nilifika mahali nikaacha kuchovya. Nasema kama ilivyokuwa. Niliona njano inatambaa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, na niliwaza Mpimaji yuko porini anahangaika na kamba, anasugua, anasugua, anajiuliza shemeji yake ni fundi wa aina gani.

Na hilo neno la mwisho ndilo lililonichovya. Fundi wa aina gani. Nikakitumbukiza kwenye maji kikalia chii. Makali yalikuwa salama. Ningeweza kumchukia mtu, ila siwezi kutoa kazi mbovu, hata kwa mtu huyo. Hasa kwa mtu huyo.

Kesho yake nilichemsha kahawa chungu na siki, nikalilaza bapa humo. Dada alifungua dirisha, akafungua na mlango.

"Unapika nini, soksi?"

"Uzee," nikamwambia. "Fundi wako mwenye ndevu."

Likatoka na rangi ya wingu la mvua, lina mabaka meusi pale kwenye vidimbwi, linaonekana limepitia mikono ya watu waliokufa. Nikakata pete ya shaba kutoka kwenye bomba la zamani ili ikae kati ya bapa na mpini. Kwenye mguu wa kiti nikatoboa, kisha nikachoma tundu kwa kipande cha nondo kilichoiva moto. Huchomi kwa mkia wa kisu chenyewe, joto litapanda mpaka kwenye makali. Moshi wa ile mbao ulinukia vizuri. Dada alisimamisha cherehani.

Gundi, pini ya shaba ya kushikilia, nikaacha kikauke. Halafu nikachonga.

Mpini wa kawaida uko sawa pande zote, yeyote anashika. Hivyo ndivyo ninavyovifanya vyote, vya mchinjaji, vya fundi viatu, vya akina mama wa sokoni. Lakini hiki dada alitaka kiwe cha peke yake. Na mpini wa peke yake hautengenezwi kwa rula. Unachonga kidogo, unashika, unafumba macho, unakiuliza kiganja panauma wapi. Unachonga tena. Unaweka kitumbo pale kiganja kinapobonyea, unaweka kijibonde pale kidole gumba kinapolala. Kazi ya aina hiyo mwenye kisu lazima aje akae hapo, ashike, aachie, ashike. Ndivyo inavyofanywa.

Sikumwita. Sikutaka mkono wake kwenye ule mguu kabla ya siku yake.

Na kadiri nilivyochonga ndivyo wivu ulivyohamia kwenye kisu chenyewe. Kilikuwa kinanitoka kizuri, bwana. Mimi sijawahi kufanya kitu kama kile. Nilikipaka mafuta, mishipa ya mbao ikajitokeza myekundu, nikakishika na kikakaa mkononi kama kimezaliwa pale. Nilimenyea chungwa, ganda likatoka refu bila kukatika. Nilienda nacho msalani. Nilikuwa natafuta vitu vya kukata. Na kila nikikirudisha mezani nakumbuka ni cha nani, roho inaniuma upya.

"Kimekwisha?" dada akauliza.

"Bado kidogo."

Siku iliyofuata: "Kimekwisha?"

"Bado kidogo."

"Mdogo wangu, nipe kisu niloweke ngozi."

Nikampa.

Ala ya ngozi inashonwa hivi: unailoweka mpaka inalegea, unaizungushia kisu, unaibonyeza kwa vidole ichukue umbo, mpini ukiingia nusu. Ikikauka inakumbuka. Alikuwa ameshakata ngozi ya ala ya kuvaa kiunoni upande wa kulia. Akazungushia. Akabonyeza. Akafungua, akageuza, akazungushia tena. Ngozi ilikuwa inatuna upande wa ndani, kwenye tumbo la mvaaji, na kule nje imelegea.

Alikitoa kisu akakishika kwa mkono wa kulia. Vidole vyake vikawa kama vya mtu aliyevaa kiatu cha mguu mwingine. Akakihamishia kushoto. Kikakaa.

Akanitazama.

"Yule mtu anatumia mkono gani?"

"Kulia," nikasema.

"Na hiki ni cha mkono gani?"

Jirani alikuwa anasikiliza redio. Niliisikiliza na mimi.

"Nimekosea," nikasema.

"Umekosea."

"Mkono wenyewe ndio umechonga. Sikufikiria."

"Kwa nini hukumwita aje ashike? Wa kazi kama hii wote unawaita. Mpaka yule mzee uliyemchongea fimbo ulimweka hapa mchana kutwa."

"Sikutaka aje."

"Kwa nini?"

"Sikutaka tu aje. Anakuja kila siku, hatoki hapa, hata hewa ya humu ndani imekuwa yake. Meza hii ni yetu. Na wewe unaondoka, umeshahesabu mpaka sindano, halafu unamchukua na mama unampa."

Hapo nilijua nimesema. Dada alikiweka kisu chini polepole, kwa namna ile anayoweka kitu akitaka kukirusha.

"Nampa nani?"

"Mpimaji. Si kisu chake?"

"Kisu kitakuwa nyumbani kwake. Na nyumbani kwake nitakuwa mimi." Alikuwa haongei kwa sauti. "Mimi naenda mahali sijui mtu. Hata jirani wa kuniazima chumvi simjui. Nilitaka kuwe na kitu cha mama mle ndani, kitu kinachotumika, si cha kufungwa kwenye kitambaa. Ningesema hivyo ungecheka. Basi nikasema ni zawadi."

Niliangalia unga wa mbao.

"Mguu ule ndio ulikuwa wa mwisho," akasema.

"Naweza kukipasua."

"Gundi yako inapasuka?"

"Haipasuki. Itapasuka mbao."

"Huwezi kukipunguza, basi? Ukikiparua kile kitumbo?"

"Kitakuwa chembamba. Kitakuwa kama kijiko." Nilisikia sauti yangu inakitetea kile kisu kama mtoto. Na dada alisikia.

"Unakipenda," akasema.

"Nakipenda."

Wakati huo huo Mpimaji akaingia na mkate wake. Huyu mtu ana kipaji cha kuingia vibaya. Alitusalimia, akatuangalia mmoja mmoja, akaona kisu. Uso ulimfunguka. Dada akamwambia yote kwa maneno machache, zawadi, kosa, mkono. Hakusema habari za mama wala za meza. Aliyabakisha kwetu. Nilimshukuru kwa hilo, kimya kimya.

Mpimaji alikishika kulia. Akakishika kushoto. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye vidimbwi.

"Hiki kimenunuliwa pale kona?" akauliza.

"Pale karibu na mifuniko ya vyoo," nikasema.

"Siamini."

"Kaangalie, kuna vingine."

"Shemeji, hiki nakichukua hivi hivi. Nitajifunza kushoto. Porini kule nina muda."

Nilitaka kumzaba kofi. Mtu anapigwa na kosa lako, halafu anajitolea kubadilisha mkono ili wewe usione aibu. Unamfanya nini mtu kama huyo?

"Utajikata gumba," nikamwambia. "Halafu dada atanilaumu mimi. Kanunue kingine, urudi. Na ukae hapa ushike mpaka nikwambie acha."

"Na mbao?" dada akauliza.

Mpimaji akafikiri. "Mguu upo," akasema. "Stendi yetu ya zamani ya ofisini, zile za mbao. Wametuletea za chuma. Mguu mmoja nimeufanya wa kufungia dirisha."

Akauleta. Na nilivyouona nikazidi kuchukia. Mbao ya njano iliyoiva, imenyooka, mishipa yake imebanana kama nywele zilizochanwa, imekunywa jasho la wapimaji wa miaka. Mbao ninayoiota. Yeye alikuwa anafungia dirisha.

Akakaa kwenye kigoda upande wangu wa meza. Nilimpa bonge la udongo laini wa mfinyanzi nikamwambia abane kama anakata tawi. Alama ya mkono ikabaki. Mkono mkubwa, vidole vifupi, pale kwenye shina la kidole cha shahada kuna sugu ngumu ya kukaza skrubu za stendi. Nikaubana mguu kwenye jiliwa, nikaanza. Kila mara nampa, anashika, namuuliza panauma wapi, anasema hapaumi. Namwambia usiniambie hapaumi, kiganja lazima kiseme kitu. Akafumba macho. "Hapa chini," akasema. "Kidole kidogo kinatafuta mahali pa kukaa." Na kweli. Aliposema hivyo nikajua anasikia kitu kama mimi ninavyosikia, na hilo halikunifurahisha hata kidogo.

Alipoondoka kwenda kazini kwake, nilibaki nashika mwenyewe kwa mkono wa kulia, mkono wangu mjinga, na kuchonga kwa wa kushoto. Nilikuwa najibana kama yeye. Dada alinichungulia kutoka dirishani.

"Unafanana naye ukikaa hivyo," akasema.

"Usinitukane," nikasema.

Bapa la pili lilitoka vizuri, kahawa ilikolea zaidi. Niliweka pete ya shaba. Ikabaki kufunga mpini, na hapo nikasimama. Nilikuwa na visu viwili mezani, cha kwanza, ambacho sasa kilikuwa changu, kimelala na kile kitako chake chekundu-cheusi kimechungulia kupita mahali kidole changu kidogo kinapoishia. Ni ule upande wa juu wa mguu, uliolainika. Niliuacha mzima makusudi, niliuona unapendeza.

Nilikibana kisu changu kwenye jiliwa nikachukua msumeno. Nilikata kabla sijafikiri, maana ningefikiri nisingekata. Kikaanguka kidude kama sarafu nene. Nikaona mara moja kuwa nimekata kupita kile kitako, nimekiharibu, kidole changu kidogo kilikuwa kinaning'inia nusu nje. Kile kidude nikakitoboa katikati, nikakipitisha kwenye mkia wa kisu cha Mpimaji, kati ya shaba na mbao ya njano. Pete nyekundu-nyeusi. Nikatia gundi, nikabana.

Dada alikuja kuangalia baada ya msasa wa mwisho. Alipitisha kucha yake juu ya ile pete, akairudisha, akaipitisha tena. Halafu akaangalia kisu changu kilivyokatwa kitako.

"Umekifupisha," akasema.

"Kilikuwa kirefu."

"Hakikuwa kirefu."

"Basi hakikuwa."

Alikaa dirishani akashona ala ya kulia. Sijawahi kumwona anashona vile. Mishono midogo, imelala sawa, uzi ameupaka nta mwenyewe, ukingo ameusugua kwa mfupa mpaka unang'aa. Alikuwa anaimba puani. Mimi nilikuwa naupiga deki upande wangu wa meza usio na uchafu wowote. Alipomvika Mpimaji kiunoni, alikigusa kile kisu mara mbili kwa kiganja, pa, pa, ili kikae. Mpimaji alikata kipande cha kamba, akakata na kingine bila sababu, akaniambia, "Shemeji, hiki ni bora kuliko kile."

"Si kweli," nikasema.

"Kwangu ni bora."

"Kwako sawa."

Na nilichokuwa natazama si kisu. Nilikuwa natazama ala. Angenipa ile ala ningempa kisu changu na pete na jiliwa juu yake.

"Na mimi?" nikamwambia dada alipoondoka mwenzake. "Changu kitakaa wapi? Mfukoni?"

Akatoa kipande cha ngozi kwenye ndoo, akanisukumia mezani, pamoja na msumari wa kutobolea na sindano mbili.

"Kata ya kushoto," akasema. "Ukishamaliza nitaangalia."

"Mimi sijui kushona."

"Najua hujui."

Nilishona. Nilijichoma, nikatukana, nikashona. Mashimo yangu yalikuwa yanatembea kama mlevi anayetafuta nyumba. Cherehani ilikuwa imeshafungwa kamba kwa ajili ya safari, kwa hiyo chumba kilikuwa kimya, nasikia uzi unavyopita kwenye ngozi. Nilipofika kwenye kona uzi ukalegea, mishono mitatu ikajifungua. Dada akaja akasimama nyuma yangu. Nikamsogezea kazi, kama ninavyofanya siku zote, ili aninyang'anye aimalizie.

Hakuichukua. Alisimama tu, mikono ameikunja.

"Kaza uzi," akasema, akangoja nikaze.